Nywele Katika Nyavu za Kashikishi

Kila Jumamosi, akimaliza kuchana nywele, Priscille hukusanya zile zilizonasa kwenye kitana, huzisokota ziwe kidonge kidogo cha rangi ya majani makavu, kisha huzitia kwenye jiko la makaa, ile mbaula ambayo kila nyumba ya hapa inayo. Harufu ya nywele zinazoungua ni mbaya. Binti yake, Arlène, hulalamika kwamba itaingia kwenye sare ya shule, na Priscille humwambia afungue dirisha. Yeye mwenyewe haondoki hapo mpaka achochee makaa kwa kijiti na kuhakikisha kwamba hakuna hata unywele mmoja uliosalia.

Zamani hakuwa akifanya hivyo. Alianza mwaka huu, ziwa lilipofunguliwa tena kwa uvuvi.

Priscille ana ualbino. Alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, akaletwa huku Kashikishi, ng'ambo ya ziwa Mweru, mgongoni mwa mama yake wakati watu walipokuwa wakikimbia vita. Mama yake ni mweusi, baba yake alikuwa mweusi, na Arlène ni mweusi. Hapo ndipo watu wengi huanza kunong'ona, kwa hiyo niseme mapema kabla hatujafika mbali: hakuna fumbo. Kuna miili isiyotengeneza rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Mtoto huirithi hali hiyo kwa baba na mama wote wawili, hata kama kwao wenyewe haionekani. Hutokea kwa watu, hutokea kwa mbuzi, kwa kunguru na kwa samaki. Mwalimu anaweza kulifundisha jambo hili kwa kipindi kimoja, na kengele ya mapumziko ikamkuta amemaliza. Lakini tumekuwa na shule miaka yote hii na bado tunamwogopa mwanamke anayeshona nyavu.

Kushona nyavu ndiyo kazi yake. Akiwa mtoto hakuweza kulima, wala kuanika chisense, dagaa wa hapa, mchangani kama wasichana wenzake, kwa sababu jua la Mweru hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji, na mabega yake yalitoka malengelenge. Mjomba wake akamkalisha kivulini na kumpa sindano ya mbao. Aliipenda. Tatizo lilikuwa macho. Macho ya Priscille huchezacheza na hayaoni vizuri, na wavu wa nailoni nyeusi ukiwa mapajani mwake ni kama moshi tu. Basi akabuni njia yake. Anapokuta tundu, huchambua uzi mweupe kutoka kwenye gunia kuukuu la plastiki la unga na kuufunga pale anapoanzia na pale anapotaka kuishia. Nyuzi hizo mbili humwonyesha njia, vidole hufanya mengine. Tundu likishazibwa, huzikata na kuzitupa.

Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari ziwa hufungwa upande wetu ili samaki wazaane, na hapo ndipo wavuvi wote humkumbuka. Mwaka huu nyavu zilijaa nyumbani mwake mpaka juu ya kitanda cha Arlène. Alishona asubuhi mpaka jioni bila kuinua kichwa, na ziwa lilipofunguliwa kila mtu alikuwa amechukua mali yake.

Mtu wa kwanza kubadilika alikuwa Webby. Huyu ni mwenye mtumbwi wa injini, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu waliopo ng'ambo, na kwa miaka yote aliyomjua Priscille alimwita "muzungu." Muzungu, wavu yangu iko tayari? Muzungu, utarudi lini Ulaya? Siku chache baada ya kufunguliwa kwa ziwa alisimama mlangoni na samaki wawili wakubwa, akainama kidogo jinsi watu wa hapa wanavyoinama mbele ya mama mkwe.

"Mwashibukeni, bamayo," alisema, akimsalimu na kumwita mama kwa Kibemba cha heshima.

"Bamayo? Wiki ilipita nilikuwa muzungu."

"Ile ilikuwa mchezo tu, mayo. Pokea."

"Ya nini?"

"Ya asante."

"Asante ya nini, Webby? Kazi tulishamaliza."

"Asante inatafutaka sababu?" Akacheka. Lakini alipokuwa akicheka hakumtazama Priscille usoni. Alitazama kitambaa alichojifunga kichwani.

Priscille amezoea matusi. Anayajua kama mtu anavyojua mashimo ya njia ya kwenda kwake. Heshima ndiyo iliyomtia hofu. Hakuwapika wale samaki. Aliwapeleka kwa jirani yake Chabu, anayekaanga vitumbua kando ya mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga.

Kesho yake Chabu alimwita, kwa jina la mtoto kama ilivyo desturi.

"Bana Arlène, ulinipa samaki ya Webby ili nikufe mbele yako?" alimuuliza huku akigeuza vitumbua kwenye mafuta. "Nilikula. Bado niko."

"Sikusema iko na sumu."

"Hukusema. Ulifikiri." Chabu alipangusa mikono kwenye chitenge chake na kushusha sauti. "Acha nikuambie juu ya nini anakupenda. Banasema nywele yako iko mu nyavu yake."

"Nywele gani?"

"Ile ya ku kichwa, mayo. Uko na ingine? Bameiona na macho. Nyeupe-nyeupe, imefungwa mu wavu. Webby akishusha tu, samaki inaingia yenyewe kama bantu ku kanisa siku ya Krismasi."

Priscille hakucheka. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa chini katikati ya vipande vya nailoni. Alikielewa vizuri alichoambiwa. Mtu anayeamini kwamba unywele huleta samaki wa kujaza mtumbwi hatachelewa kujiuliza kidole kitaleta nini. Habari za namna hiyo amezisikia tangu utoto, za watu waliokatwa viungo, na mama yake alikuwa akimzuia kwenda kuteka maji peke yake kwa sababu hiyo. Hapa Kashikishi alikuwa amepata nyumba, kazi ya kivulini na shule ya mtoto. Sasa ilimbidi aamue kama ataweza kuendelea kulala katika nyumba hiyo.

Na swali lilikuwa moja. Nani anawapa nywele zake?

Jibu lilikuja upesi mno, na hakulipenda. Mtu pekee anayegusa kichwa chake ni Débora. Débora ni wifi yake, dada wa yule mume aliyeondoka kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Kolwezi na hakurudi tena wala kutuma neno. Kaka alipoondoka, Débora alibaki. Alisema wazi mbele ya ukoo kwamba kaka yake ndiye aliyeoa na kuacha, yeye hana ndoa ya kuvunja na Priscille. Ana kibanda cha kusuka nywele sokoni, na Jumamosi huja nyumbani kumsuka wifi yake mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu wateja wengine hawapendi kitana kilichogusa kichwa kile. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Priscille alianza kumshuku.

Jumamosi ile alikaa kati ya magoti ya Débora kama kawaida, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Alisikia kitana kikipita. Alisikia mkono ukiingia kwenye mfuko wa aproni.

"Unaweka nini mu mufuko?" aliuliza.

"Nani?"

"Weye, mulamu. Mukono yako imeingia mu mufuko."

"Karanga. Unataka?"

"Geuza mufuko nione."

Mikono ya Débora ilitulia kichwani mwake. "Unasema nini?"

"Nasema geuza."

Débora alisimama. Aliugeuza mfuko nje, karanga zikamwagika sakafuni, na maganda, na kipande cha uzi wa kusukia ambacho kilikuwa cheusi. Hakuna kingine.

"Umeona?" alisema. "Ao nivue na viatu?"

"Débora, banauzisha nywele yangu. Weye njo unasukaka."

"Miye njo ninasukaka. Miaka yote miye njo ninasukaka. Juu ya ile, miye njo mwizi?" Alichukua kitana chake, akakipangusa polepole mbele ya macho ya Priscille, akautoa kila unywele na kuuweka mkononi mwake. "Shika. Ya leo yote ni hii. Tafuta mutu mwingine atamaliza kichwa."

Akaondoka, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imesimama wazi. Priscille alijifunga kitambaa juu yake hivyo hivyo. Siku hiyo ndipo alipochoma nywele kwa mara ya kwanza. Alipokuwa akitazama makaa alijiambia kwamba mtu asiye na hatia angebaki na kubishana. Halafu akajiambia kwamba mwenye hatia ndiye hubaki na kubishana. Hakuna lolote ambalo Débora angelifanya lingeweza kumtoa shaka, na ndivyo shaka ilivyo. Haihitaji chakula.

Kisha alikuja Hugues.

Hugues ni mfanyabiashara wa samaki wa kukausha, huvuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo na kurudi. Huvaa viatu vilivyopigwa rangi hata kwenye matope, na huongea taratibu. Alileta wavu mzuri usio na tundu hata moja. Priscille aliupitisha wote vidoleni na kumwambia hivyo.

"Najua," alisema Hugues. "Nataka tu unifanyie kama ulifanyia Webby."

"Webby nilizibia matundu."

"Mama, tunasikilizana. Ile kintu ulitia. Tia na kwangu. Tia mingi kidogo."

"Sikutia kintu."

"Bon." Alitabasamu. "Hauko mwanamuke wa maneno mingi, ni muzuri. Nitarudia." Alipokuwa akiinuka, macho yake yalipita kichwani mwake, yakashuka mpaka mikononi, yakakaa hapo. Wavu wake mzima aliuacha.

Asubuhi iliyofuata Priscille alikuta mchanga wa mbele ya mlango umekwanguliwa, kama mtu aliyetafuta kitu kilichodondoka, na ufagio wake umechukuliwa. Arlène alirudi shuleni na kusema kwamba mtu asiyemjua alimuuliza mama yake hulala chumba cha mbele au cha nyuma. Priscille alikwenda kwa mwenyekiti wa sehemu. Mwenyekiti alimsikiliza vizuri, akaahidi kwamba vijana wake wataiangalia ile nyumba. Kuanzia siku hiyo vijana wawili walikaa mkabala na mlango wake wakicheza drafti, na kila alipotoka walinyamaza. Hakujua kama wanamlinda au wanamchunga.

Akaanza kufunga mizigo. Ana binamu katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, analima mihogo. Huko kuna jua tupu na hakuna nyavu. Arlène angepoteza shule katikati ya muhula. Lakini mtu aliyehamishwa na vita akiwa mgongoni anajua kwamba nyumba huachwa kwa urahisi kuliko vidole. Alipanga sufuria, nguo, mafuta yake ya kujikinga na jua. Sindano ya mbao aliiweka juu kabisa ili isivunjike.

Mfuko ulikuwa umefungwa tayari siku Chabu alipokuja akikimbia, mikono ikiwa bado na unga.

"Bana Arlène, kuja. Webby amekamata samaki ya rangi yako."

"Usinichezee."

"Sikuchezee. Kambale mweupe pe. Macho nyekundu. Bantu yote iko kule, na banasema ni mutoto yako. Ukikaa hapa, watamaliza hadisi bila weye."

Priscille alivaa kofia yake pana na mikono mirefu. Nadhani mwingine angepita mlango wa nyuma na mfuko wake. Yeye alitaka kumwona yule samaki.

Mwalo ulikuwa umejaa kama siku ya msiba. Walipomwona walimpisha, na hiyo njia iliyofunguka mbele yake haikumpendeza. Samaki alikuwa kwenye beseni kubwa la plastiki lililowekwa juani. Kambale wetu ni weusi kama matope wanamoishi. Huyu alikuwa wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji, sharubu nyeupe, na chini ya ngozi iliyo karibu na mapezi damu ilionekana ikipita. Priscille aliinama mpaka ukingo wa kofia ukagusa maji, kwa sababu hawezi kuona kitu mpaka kiwe karibu na pua. Jicho la samaki lilikuwa la waridi.

"Anakujua," mtu alisema nyuma.

"Anajua jua," alisema Priscille. "Sogezeni hii beseni ku kivuli. Munamuunguza."

Watu wawili walilisogeza beseni chini ya kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, wakilishika kwa ncha za vidole.

Hugues alikuwepo, viatu vyake vikiwa safi. Alikuwa anataka kumchukua samaki yule akiwa hai, kwa kazi ambayo hakuitaja. Webby alikuwa hajakubali bado. Alikuwa amelewa sifa. Alimshika Priscille kiwiko kwa heshima kubwa na kumwongoza mpaka kwenye wavu ulioanikwa juu ya nguzo.

"Hapa njo aliingia, mayo. Hapa kabisa, pa nywele yako. Bantu yote banaona. Miye sikatai, ninasema asante mbele ya bantu."

Akaweka mkono wa Priscille kwenye wavu.

Priscille aliushika. Alivipitisha vidole juu ya tundu alilolishona mwenyewe, akakuta fundo lake, na kwenye fundo akakuta kitu kilichochanika kuwa nyuzi nyembamba, kavu, za rangi ya njano hafifu. Maji na jua vilikuwa vimeupasua uzi ule mara nyingi. Kwa macho ungeapa ni nywele. Kwa vidole ulikuwa gunia la unga.

Alikumbuka Januari na Februari, nyavu juu ya kitanda cha Arlène, haraka. Siku zote huzikata nyuzi zake kazi ikiisha. Mwaka huu hakuzikata. Aliziacha kwenye kila wavu uliopita mikononi mwake.

"Webby," alisema, "hii haina nywele. Ni uzi wa gunia."

Webby alicheka kwa upole, kama anavyocheka mtu anayeshiriki siri na mwenzake. "Ndiyo, mayo. Gunia."

"Nasema kweli. Macho yangu haione muzuri. Ninafungaka uzi mweupe nione fasi nilianzia. Nilisahau kuikata."

"Ndiyo, ndiyo."

"Anaficha," alisema Hugues, bila kupaza sauti, akiwaambia waliokuwa karibu naye. "Angekuwa weye, ungesema? Dawa ikitajwa inakufa."

Neno hilo lilipita haraka kuliko lake. Priscille alilisikia likienda kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na akaelewa kwamba anaweza kukana mpaka jua lichwe, na kila akikana wataamini zaidi. Ukweli wake ulikuwa na sura ile ile ya uongo ambao wao wangeusema.

Ndipo aliposikia mafuta ya Chabu yakichemka.

"Chabu," alisema, "tosha karai ku moto."

"Vitumbua yangu."

"Tosha kidogo tu."

Chabu aliinua karai. Mbaula ilikuwa nyekundu. Priscille alivua kofia, mchana ule, mbele ya mwalo mzima, akavua na kitambaa. Watu waliona kichwa kilichosukwa nusu na nusu kimesimama, na mtu mmoja alipiga mluzi. Alizing'oa nywele chache kwa vidole viwili, akazishika juu ili wazione, akaziachia juu ya makaa. Zilijikunja na kutoweka. Harufu ikapanda, ile harufu ambayo kila mtu anaijua, ya kwato na manyoya ya kuku.

"Ile ni nywele," alisema. "Sasa Webby, lete ile ya mu wavu yako. Kata weye mwenyewe. Miye siguse."

Webby alisita. Ilikuwa bahati yake aliyoombwa aichome. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na mtu mwenye sauti kama yake hawezi kuonekana anaogopa makaa ya vitumbua. Alikata uzi kwa kisu na kuutupa motoni. Haukutoweka. Ulijivuta, ukayeyuka, ukawa kitone cheusi kinachong'aa, na moshi wake ulinuka plastiki.

"Amebadilisha," mtu alisema.

"Amebadilisha saa ngapi?" Chabu alimjibu. "Weye uko kipofu kumupita?"

Webby alikwenda mwenyewe mtumbwini, akakata uzi kwenye wavu mwingine. Kitone. Mvuvi mwingine, ambaye wavu wake alikuwa ameuficha wiki nzima wasimwibie bahati, aliuleta akikimbia. Kitone. Wakaanza kucheka, kwanza polepole, kisha wakamgeukia Webby. Bwana wa gunia. Umemupigia gunia magoti. Webby, mke wako analalia gunia, mbona haukuzaa mapacha?

"Sasa nani alileta samaki?" Webby aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Ziwa ilifungwa miezi mitatu," alisema Priscille. "Samaki ilizala. Na matundu yako nilifunga yote. Ulitaka ipite wapi?"

Hugues hakucheka. Aliinama kwenye mbaula, akaokota kwa kijiti kimoja kati ya vile vitone vyeusi, akakipuliza kipoe, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akakitia mfukoni. Siku mbili baadaye alituma mtu kuchukua wavu wake na hajaonekana tena mlangoni kwa Priscille. Huvuka bado. Yule samaki hakumpata. Webby, kwa hasira ya kuchekwa, alimpeleka kambale mweupe kwa mke wake aende naye kwenye tanuri la moshi pamoja na wengine. Alipotoka huko alikuwa wa kahawia, mgumu, rangi ya wenzake. Waliokuwa na hamu ya kumwona walichambua kikapu kizima na hawakuweza kumtambua.

Ningependa kuandika kwamba watu walijifunza. Baadhi yao walijifunza. Wengine wanasema mpaka leo kwamba Priscille alikuwa na namna mbili, nywele za kweli na za kuonyesha. Aliyechukua ufagio hajulikani, na wale vijana wa drafti waliondoka siku moja bila kusema walikuwa wanafanya nini. Tunapenda kulaumu wazee kwa mambo haya. Waliokuwa mwaloni siku ile wengi walikuwa vijana wenye simu mkononi, wamesoma, na walikuwa wamemfungulia njia yule mama kama unavyomfungulia njia mbuzi wa sadaka. Ni sisi.

Priscille aliufungua mfuko. Alitoa sufuria, nguo, na sindano. Ila kazi ilibidi ibadilike, maana bila uzi wa kumwonyesha njia hawezi kushona. Alifikiria uzi mwekundu wa mfuko wa vitunguu.

"Nyekundu?" Chabu alisema. "Mayo, uko na akili? Watasema ni damu."

Basi akaweka sheria. Kila mwenye wavu huleta uzi wake mwenyewe, kutoka nguo ya nyumbani kwake, na kazi ikiisha anaukata mwenyewe mbele ya mlango na kuondoka nao. Webby huleta nyuzi za chitenge cha mke wake, cha kijani. Mwingine huchambua fulana kuukuu ya mpira. Wateja wamepungua, kwa sababu wapo waliokuwa wakija kwa nywele tu. Waliobaki wanamwita bamayo, na jina la muzungu limerudi pia kwa wachache, na Priscille anasema hilo linamtuliza kidogo.

Lililobaki lilikuwa Débora. Priscille alichelewa sana kwenda. Mwishowe alikwenda sokoni mwenyewe, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akavua kitambaa mbele ya wanawake waliokuwa wakingoja zamu. Nusu ile ya kichwa ilikuwa bado haijasukwa.

Débora alimtazama. "Nigeuze mufuko kwanza?"

"Hapana, mulamu."

"Una hakika? Leo iko na karanga tena."

"Nilikosa, Débora."

"Najua ulikosa. Kaa muzuri, shingo yako iko kama ya bata."

Alisuka bila maneno mengi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja aliinuka akaondoka, na Débora hakugeuka kumtazama. Alipomaliza aliokota nywele zilizoanguka sakafuni na zilizobaki kwenye kitana, akazisokota zikawa kidonge. Priscille alinyoosha mkono apokee. Débora hakumpa. Aliinama kwenye mbaula iliyokuwa ikichemsha maji ya kuoshea nywele, akasogeza birika, akakiangusha kidonge kwenye makaa yeye mwenyewe.

Moshi mwembamba ulipanda. Priscille aliinua uso kidogo na kuvuta hewa kwa pua, kuhakikisha. Débora alimwona akifanya hivyo. Alirudisha birika juu ya moto na kumwambia aliyefuata aje akae.